Dar hadi Mwanza: kilomita 850 tukilifuata jua

Kwa barabara, ukipita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi la alfajiri hukufikisha usiku, miguu imekuvimba. Kwa anga, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Mwanza kule Ilemela, ni kama kilomita 850 tu. Nilipanda ndege jioni ya Ramadhani, tiketi ikisema saa moja na nusu.

Muda huo si wa kuruka wote. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Dar mpaka isimame maegesho ya Mwanza. Angani tulikaa kama saa moja na robo. Na hiyo ni kwa sababu tulipata jeti, Airbus A220. Dash 8 ya mapangaboi huongeza dakika ishirini hivi kwa njia ileile. Kwa hiyo mtu akiniuliza safari hii ni ya muda gani, nami humuuliza kwanza: kwa ndege ipi?

Nilikaa kushoto. Jua la jioni linachoma upande huo, lakini Mlima Hanang unauona vizuri, umesimama peke yake. Waliokaa kulia walipata Ziwa Eyasi. Baada ya hapo injini zikapunguza sauti, nasi bado tuko mbali: karibu robo ya safari nzima ni kushuka, ingawa Mwanza kwenyewe ni juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari.

Mzee wa kiti cha pembeni alikuwa na tende mkononi.

"Mwanangu, Dar si wameshafuturu?"

Saa ilikuwa imepita kumi na mbili na nusu. "Wameshafuturu, mzee wangu."

Akachungulia dirishani. Jua hilo hapo, halina hata haraka. Mwanza iko magharibi ya Dar kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo, na kila nyuzi moja jua huitumia dakika nne. Saa za ukutani ni zilezile, ila swala ya Magharibi huingia Mwanza kama dakika 25 baada ya Dar. Tena aliye juu angani hulishuhudia jua kwa muda zaidi ya aliye chini. Nilimweleza hivyo, akairudisha tende kwenye mfuko.

"Kumbe nimelipa nauli niongezewe saumu!"

Tulitua jua bado lipo, maji ya ziwa yakiwa mekundu na mawe ya Mwanza yamejaa kila upande. Adhana ilitukuta tukisubiri mabegi. Mzee alifuturu palepale, akaapa kwamba kurudi Dar atachukua ndege ya jioni vilevile, arudishiwe dakika zake.