Saratani ya utando wa tumbo ilivyonifikisha kwenye ukoo wa baba

Tumbo langu lilipoanza kujaa maji, hospitali ya kwanza ilidhani ni kifua kikuu cha tumbo. Dhana hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa TB ni ya kawaida hapa Tanzania na hufanana mno na saratani hii: maji tumboni, kukonda, hata kipimo cha damu cha CA-125 hupanda katika magonjwa yote mawili. Maji yaliyovutwa hayakuonyesha vimelea wala seli za saratani, lakini niliandikiwa dawa za TB. Nikaomba rufaa kabla ya kuzianza, na huko nikafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, kikachukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Patholojia, yaani uchunguzi wa kipande hicho maabara, ikathibitisha saratani iliyoanzia kwenye utando wenyewe unaofunika ndani ya tumbo.

Daktari bingwa aliuliza habari za ukoo. Kwa mama hakukuwa na kitu. Alipouliza upande wa baba, swali ambalo naamini kila mgonjwa anastahili kuulizwa, nilimpigia shangazi palepale.

“Mwanangu, bibi yako tulimzika tumbo limevimba hivyo hivyo,” alisema, “na dada yangu mkubwa alikatwa titi kabla hajafika arobaini.”

Daktari alikuwa akichora: miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, waliougua wakitiwa wino. Mraba wa baba ulibaki mweupe katikati ya duara nyeusi. Familia ikachanga, damu ikapelekwa nje ya nchi, na jibu likawa hitilafu katika jeni ya BRCA1, hitilafu inayoongeza hatari ya saratani ya titi, ovari na utando huu, na ambayo mwanamume huweza kuirithisha bila yeye mwenyewe kuugua.

Nilipewa dripu za dawa za kuua seli za saratani, karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki tatu, kisha upasuaji mkubwa ulioondoa kizazi, ovari, mirija na mafuta yanayofunika utumbo, halafu dripu zikaendelea. Sasa nameza olaparibu, vidonge vinavyofaa hasa wenye hitilafu hii. Vinapunguza damu, hivyo napima wingi wa damu kila mwezi.

Kila mtoto wa baba alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Kaka yangu hana. Mdogo wangu wa kike anayo, na kwa kuwa ameshamaliza kuzaa, anapanga kuondoa ovari na mirija kabla ya miaka 40, huku akijua kwamba hata baada ya hapo hatari ndogo ya saratani ya utando hubaki.