Kirusi hakina gari, kinadandia

Mwenzako akipiga chafya kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kumbuka hili: kirusi cha influenza (mafua) hakina ribosomu, yaani mtambo wa kutengeneza protini, wala usafiri wake. Vyote ni vya seli kinayoivamia.

HA, protini yake ya kunasia seli, huanza na kipande kifupi cha amino asidi (matofali ya protini), mfano wa lebo ya mzigo Kariakoo. Kikichomoza tu, seli huipeleka ribosomu kwenye retikulamu ya endoplazimu, karakana ya kukunjia protini. Humo HA hukunjwa, hubandikwa sukari, kisha HA 3 huungana kuwa kitu kimoja. Hapa ndipo penye kukwama: iliyokunjwa vibaya hairuhusiwi kuendelea na safari, hutupwa nje ya retikulamu na kusagwa. Iliyofaulu hupanda vifuko hadi Golgi, kituo cha kupanga mizigo, halafu utando wa nje wa seli.

NP, protini ya kirusi inayofunika RNA yake (maelekezo yake ya urithi), ina njia nyingine kabisa. Huingizwa kwenye kiini cha seli na importini, protini za seli za kuingiza mizigo. Kutoka ikiwa na RNA, hutegemea CRM1, protini ya seli ya kutoa mizigo kiini. Leptomisini B, sumu ya maabara, ikiziba CRM1, mzigo wote hulala ndani.

Ujanja unaonikosha zaidi ni Rab11, protini iliyo kuli wa seli yenyewe, kusogeza vipande 8 vya RNA ya kirusi hadi ukingoni mwa seli.