Pacha mmoja mgonjwa, mwingine mzima

Juzi mwanangu kaniuliza: "Mama, wewe na mama mkubwa si mapacha? Mbona anayeumwa tumbo ni yeye tu?"

Swali hilohilo nilimuuliza daktari siku dada alipopigwa kamera ya utumbo. Miezi ya kuharisha damu na kukonda nairuka. Niliruhusiwa kusimama kichwani pake, nimemshika mkono, macho kwenye skrini. Karibu na njia ya haja kubwa, ukuta wa utumbo ulikuwa mwekundu, umevimba, una vidonda vidogovidogo, na kamera ikiugusa tu unatoa damu. Ikasogea mbele, na ghafla, kama vile mtu kapiga mstari kwa rula, wekundu ukakoma. Mbele ya hapo palikuwa pa waridi, laini, mishipa inaonekana vizuri. Dada, usingizi umemlevya, akauliza: "Ni saratani?" Daktari akamwambia hapana, ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana.

"Na mimi je? Sisi ni mapacha wa kufanana."

Akanieleza kwamba maeneo ya jeni yanayohusishwa na magonjwa ya kuvimba kwa utumbo, huu ukiwemo, yanazidi 200, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Kwa ugonjwa huu, pacha mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Yaani jeni hufungua mlango, lakini lazima kitu kingine kiingie. Hapo akataja chakula. Nyuzinyuzi huchachushwa na bakteria wa utumboni, wakatoa kitu kiitwacho butireti, na hicho ndicho chakula kikuu cha seli za ukuta ule niliokuwa nautazama. Panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waligeukia kula ute unaoukinga utumbo.

Nilielewa, na bado sijaelewa. Dawa iitwayo mesalazini ilimtuliza dada. Ugonjwa ukichachamaa, mboga zenye makapi mengi humzidishia maumivu, kwa hiyo hata hizo nyuzinyuzi zina wakati wake. Lakini ndugu na majirani wamekwisha toa hukumu: alijiletea mwenyewe kwa kula ovyo. Hilo linaniuma sana. Tumekula sufuria moja tangu utotoni, na vyakula vya pakiti tulivipenda sote wawili. Labda vilichangia kwake. Kama ni hivyo, atakayenieleza kwa nini mimi viliniacha bado sijampata.