Siku moja ya Mashoto, karani wa mizani Mwaloni

Saa 10 alfajiri. Kirumba bado kuna giza, ila hapa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, hakuna aliyelala. Boti za visiwani zimeshusha dagaa, makuli wanapanga magunia. "Mashoto, fungua mizani!" Naitwa hivyo kwa sababu kalamu naishika kushoto. Utotoni bibi alikuwa ananifunga mkono huo kwa kipande cha khanga wakati wa kula. Kula kwa kulia nikajifunza. Kuandika kukashindikana.

Saa 12. Mchuuzi analalamika kwamba mizani inamwibia. Napandisha jiwe la kilo 20, mshale unakaa palepale. Ananyamaza, analipa.

Saa 3. Chai na chapati mbili, na simu. Nina video za zamani za Earl Anthony, bingwa wa Marekani wa bolingi ya pini kumi, ule mchezo wa kuvingirisha tufe zito liangushe vigingi kumi vilivyosimamishwa mwisho wa ujia. Siku ya kwanza nilikuwa natafuta mechi ya mpira, akatokea yeye: miwani, nywele fupi, sura ya mwalimu wa hesabu, tufe mkono wa kushoto. Nikasema huyu wetu. Kumbe bolingi aliianza akiwa na miaka 21, akifanya zamu ya usiku kwenye ghala la vyakula huko Tacoma. Ghala! Mwaka 1975 akawa wa kwanza kuvuka dola 100,000 za zawadi kwa msimu mmoja, na 1982 wa kwanza kufikisha milioni. Katikati hapo, 1978, alipata mshtuko wa moyo. Akarudi, akabeba ubingwa wa taifa wa wachezaji wa kulipwa 1981, 1982 na 1983.

Saa 5. Mzigo umepungua. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa lina kilo 7.26, basi natia kwenye mfuko jiwe la tano, la mbili na la robo, naubembeza kwa kushoto. Bega linalia. Kutoka mezani kwangu hadi mlango wa ghala ni hatua 24, karibu sawa na futi 60 ambazo tufe husafiri kufikia pini ya mbele.

"Sasa huo ushoto ulimsaidia nini?" kuli mmoja ananiuliza, ameketi juu ya gunia.

"Sakafu yao inapakwa mafuta, kaka. Tufe linateleza, likifika pakavu linakamata, linakata kona kuingia kwenye pini. Wengi wanatupa kwa kulia, kila tufe linaondoka na mafuta ya upande wao, njia inageuka geuka. Kushoto hakupiti watu wengi."

"Kama barabara ambayo malori hayajaigundua."

"Hapo hapo."

Wapo waliokuwa wakinung'unika kwamba mashoto wanabebwa. Mimi nasema mashoto walikuwa wengi, Anthony alikuwa mmoja.

Mchana magunia tu, malori, jua. Hakuna la kusimulia.

Saa 11 jioni. Nyumbani Kitangiri, watoto wa wapangaji wananisubiri uani. Pini zetu ni chupa za maji za lita moja zilizojazwa mchanga wa ziwani. Nilizipima kazini, kila moja kilo moja na nusu na kidogo, kama pini yenyewe. Tufe ni mpira uliochakaa niliomwagia saruji. Kasoro ilikuwa sakafu. Wiki iliyopita nikamwaga mafuta ya kula kidogo kwenye ujia ili liteleze vizuri. Aliyeteleza ni mama mwenye nyumba, na ndoo yake ya maji kichwani. Hakuumia, lakini alichosema siwezi kukiandika hapa.

Leo tunacheza pakavu. Binti wa chumba cha nne, naye mashoto, anatupa. Chupa tisa chini. Imebaki ile ya saba, kona ya nyuma kushoto, inayowatesa mashoto wote.

"Mjomba, si uweke mafuta kidogo tu?"

Dirishani kwa mama mwenye nyumba pazia limesogea.

"Tupa hivyo hivyo, mwanangu."

Limepita pembeni, likagonga ndoo.