Bastola ya kwenye daftari

"Lete hilo daftari," alisema Mzee, fundi wa bunduki, mkono umeshanyooshwa. Hakuuliza hali wala hakunikaribisha kiti. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, mjini Ogden, Utah, na ilikuwa Februari ya 2019, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Nilimpa daftari langu la miraba, akavaa miwani, akachukua penseli iliyochongwa kwa kisu.

Mle ndani mlikuwa na bastola yangu. Miezi minne nilikuwa naijenga kwa kalamu: mtindo wa 1911, ule wa zamani, mtutu wa inchi tano, risasi za .45, yaani unene wa karibu nusu inchi. Nilikuwa nimeorodhesha mambo 31 ninayoyataka, kila moja na kipimo chake na bei yake. Mimi ni mkereza vyuma. Kazi nilijifunzia Chang'ombe, Dar es Salaam, na hata leo nikishika chuma kitu cha kwanza ninachotafuta ni kipimo.

Utotoni Tanga bunduki nilikuwa naiona begani kwa askari wa benki tu, tena kwa mbali. Hamu ilinipata kazini. Mwenzangu mmoja alinichukua Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, na tulipomaliza akaifungua bastola yake juu ya kitambaa, kipande kwa kipande, bila bisibisi wala nyundo. Mlio ulikuwa umeniumiza masikio, sikuupenda. Lakini vile vipande! Chini ya mtutu kulikuwa na kiungo kidogo, kama pingili ya mnyororo wa baiskeli. Slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ikirudi nyuma, kiungo kile kinauvuta mtutu chini, unajitoa kwenye meno yaliyokuwa yameufunga. Mtu aliwaza hilo zaidi ya miaka mia iliyopita, bila kompyuta. Huyo mtu, John Moses Browning, alizaliwa Ogden mwaka 1855, mtoto wa fundi bunduki. Ndiyo maana nilimtafuta fundi wa Ogden, ingawa Salt Lake City ninakoishi mafundi wapo tele. Nilitaka kwenda chemchemini, ujinga kama huo.

Mke wangu alisikiliza yote hayo akaniuliza swali moja: "Baba Rehema, na hawa watoto?" Tukakubaliana kasha la chuma lifungwe ukutani kabla bastola haijaingia ndani, na namba ya kulifungulia abaki nayo yeye pamoja nami. Lilikuwa sharti la haki, na lilinigharimu kuliko nilivyotegemea.

Mzee alisoma kurasa zote sita. Kisha akauliza, "Ya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya springi, ya aina ya chuma, ya vilengeo. La "ya nini" sikulitegemea.

"Ya kulenga shabaha," nikasema. "Jumamosi."

"Basi triga inayovutwa kwa pauni mbili ya nini?" Akaikata. Akaandika pembeni: nne. "Kidole chako bado hakijui kazi, kijana." Nilikuwa na miaka 38.

Penseli ikaendelea. Mdomo mpana wa kuingizia magazini, kile kikasha cha risasi, wa wale wanaoshindana kwa sekunde, ukakatwa. Triga ya rangi ya dhahabu alikata bila kusema kitu, ila alinitazama juu ya miwani. Matundu ya kupunguzia uzito wa slaidi yalikwenda. Jina langu kwa herufi za Kiarabu ubavuni lilikwenda pia, na hapo niliumia kidogo. Alivyobakisha alivieleza. Vilengeo vikubwa, sawa, kwa kuwa vya asili ni vidogo kama punje ya mchele na macho yangu hayatarudi ujana. Mkia mrefu wa sefti ya mpini, kile kipande cha usalama kinachobanwa na kiganja, sawa, kwa sababu nyundo ya bastola ikirudi hung'ata nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akanionyesha kovu lake. Jeshi lenyewe la Marekani liliurefusha mkia huo miaka ya 1920, kwa kilio hichohicho.

Tuligombana kwenye ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeandika kwamba slaidi ikae juu ya fremu, kile kiunzi cha chini chenye mpini, bila nafasi kabisa, iteleze kama kioo juu ya mafuta. Kwa mkereza hiyo ni heshima ya kazi. Mzee akafungua saraka, akatoa bastola kuukuu, akavuta slaidi na kuhakikisha haina risasi, akanionyesha na mimi nihakikishe, halafu akaitikisa sikioni mwangu. Ililia kama kiberiti chenye njiti tatu.

"Ya baba yangu," akasema. "Hiyo nafasi unayoiona ni aibu, ndiyo inayopitisha mchanga na tope."

Akanikumbusha jaribio la bastola hii, Machi 1911: risasi 6,000 kwa siku mbili, ikipata moto inapoozwa majini, na haikukwama. Jeshi la Marekani likaichukua mwezi huohuo, likakaa nayo hadi 1985. Hakusema iliombwa kwa ajili gani, nami nilikuwa nimesoma. Kule Ufilipino, Wamoro, wenyeji Waislamu wa huko, walikuwa wakiwajia Wamarekani mbio na majambia, na bastola za .38 zikaonekana haziwasimamishi. Mtu wa kwetu, aliyelelewa kwa habari za Majimaji, akisoma hivyo hujikuta amesimama upande wa mwenye jambia. Nilinyamaza. Nafasi ya slaidi tukaafikiana: ibane, lakini mkono uisikie.

Vibao vya mpini nilitaka vya mpingo. Hapo penseli ilisimama. Alikuwa anaujua kama mti wa zumari za okestra, hakujua unatoka kwetu. Nikamweleza Kilwa na Lindi, na wachongaji wa Kimakonde. Mpingo wenyewe nilikuja kuununua papa hapa Marekani, kwa muuza mbao za ala za muziki, kipande cha urefu wa kiganja kwa dola ambazo Kilwa zingeninunulia gogo.

Halafu akaigeuza ile bastola ya baba yake, akanionyesha maandishi ya slaidi: Remington Rand. "Hawa walikuwa wanatengeneza taipureta," akasema. Vita vilipopamba moto kila kiwanda kiliitwa. "Hata Singer walitengeneza. Mia tano tu. Ukiiokota moja, uza, nunua nyumba."

"Singer wa cherehani?"

"Kwani kuna Singer gani?"

Sikumbuki vizuri tuliyozungumza baada ya hapo. Najua nililipa nusu ya pesa, na kwamba fremu, ambayo kwa sheria ya huku ndiyo bunduki yenyewe, nilijazia fomu dukani wiki iliyofuata, na namba ya ukaazi wangu, nikasubiri uhakiki wa polisi. Mambo 31 yalibaki tisa.

Usiku wa siku ile, saa tatu kwetu, Tanga saa moja asubuhi, nilimpigia mama. Alikuwa ameshatoka barazani Ngamiani, nikimsikia anafuta mashine. Ni Singer nyeusi ya kukanyaga, maua ya dhahabu yamefifia, ndiyo iliyonilipia Chang'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona usiku wenu?"

Nikamweleza. Akakaa kimya, simu ikawa inavuma tu.

"Bastola? Umekuwa polisi?"

"Ya kulenga makaratasi, mama. Lakini sikia: Singer waliwahi kutengeneza bastola. Mia tano, mwaka 1941."

"Singer hii?"

"Hiyohiyo."

"Wakaacha?"

"Wakaacha."

"Wakarudi kwenye cherehani. Wana akili." Sikumwambia kwamba walipotoka kwenye bastola walipewa kazi ya kutengeneza mitambo ya kuelekezea mizinga. "Na hiyo yako anatengeneza nani?"

"Kuna fundi mmoja, mtu mzima."

"Umempa pesa yote?"

"Nusu."

"Vizuri. Mimi mwenyewe nikilipwa yote, nguo hukaa mwezi."