Siku niliyonyong'onyea ofisini

Mi tangu utotoni nina ugonjwa wa maneno mazito, nikisikia neno redioni linalojaza mdomo nalibeba hivohivo bila kuuliza maana, kazi inabaki kutafuta pa kulichomeka. Ndo yaliyonikuta sekondari. Nilikuwa na kesi ya utoro, siku mbili sijaonekana darasani, nikaambiwa niandike barua ya kuomba msamaha kwa makamu mkuu wa shule, basi nikaona hii ndo chansi ya kumwaga Kiswahili.

Nikaandika: "Kwa heshima na unyong'onyevu mkubwa, nanyong'onyea mbele yako mwalimu, naomba unisamehe." Nikaisoma mara tatu, nikajiona bonge la mwandishi. Kumbe nilichotaka ni unyenyekevu! Ila haya maneno mdomoni yanafanana, yote yana ile nye nye ya kujikunja, na nikaona hili lenye ng' ndo la wasomi, lile lingine kila mtu analo.

Kesho yake naitwa ofisini. Barua iko mezani, neno limepigiwa mstari mwekundu mara mbili. Makamu akanitazama kwa huruma, wala si kwa hasira, na huruma ya mwalimu jamani inatisha kuliko fimbo.

"Unaumwa, mwanangu?"

Hapana mwalimu, shikamoo. (Salamu ilinitoka imechelewa.)

"Marahaba. Umekula asubuhi?" Nimekula. "Kuna msiba nyumbani?" Hakuna mwalimu. "Sasa umenyong'onyea na nini?"

Mwalimu mwingine aliyekuwa pembeni anasahihisha madaftari akapasuka kicheko. Aisee, miguu ikaniisha nguvu palepale, mabega yakashuka, mikono inaning'inia kama nimeazimwa, nataka kusema samahani sauti haitoki. Makamu akaninyooshea kalamu: "Ehee! Hivyo hivyo ulivyosimama. Huko ndiko kunyong'onyea."

Maana nikaipata kwa mwili kabla ya kamusi. Ni mtu aliyetoka kitandani na homa, au ana njaa, au kapewa habari mbaya, nguvu zinamtoka anabaki kama kitambaa kilicholowa. Na linachukua yote mawili, mwili na moyo. Nikajikaza nikauliza, sa mwalimu si ndo kudhoofu huko? Akasema hapana, aliyedhoofu utamjua hata akiwa anacheka, mashavu yameingia ndani, nguo zinampwaya, hiyo ni kazi ya wiki au miezi. Kunyong'onyea kunaweza kukukuta sasa hivi, na ukipata habari njema ukachangamka tena. Nikamwambia basi hata betri ya tochi ikiisha, tochi imenyong'onyea. Wa pembeni akacheka tena. Makamu akasema tochi mwanga wake unafifia, fundo la kamba linalegea, biashara inazorota, ila kunyong'onyea waachie wenye uhai. Na kitu kinachokufanya uwe hivo kinakunyong'onyeza, homa imemnyong'onyeza, ukisema homa imemnyong'onyea umeharibu.

Halafu akaona mahali pengine kwenye barua nimeandika nyongonyea bila kile kialama juu. Hapo ndo akakasirika kidogo. Hiyo ng' ni ya ng'ombe, ukiitoa alama inasomeka ng ya ngoma, neno linapoteza sauti yake. Mi mpaka leo naona kale kaalama ndo roho ya hilo neno, ukilitamka sawasawa hata mdomo wenyewe unalegea.

Nikapewa sentensi 10 za kuandika hapohapo. Za mwanzo zilikuwa mgonjwa, mgonjwa, mwenye njaa, mgonjwa tena. Ya 9 nikakwama kabisa, nikaangalia dari, nikaandika: "Mwalimu alininyong'onyeza kwa swali moja tu." Makamu akaisoma, akavua miwani akaifuta, akaipiga tiki kubwa, akampa na mwenzake aisome.

Adhabu ya utoro nilipewa vilevile, msije mkadhani nilisamehewa. Barua nikairudia kwa unyenyekevu wa kawaida. Shida ni kwamba yule wa madaftari alienda kusimulia darasani, na mpaka tunamaliza shule hakuna aliyeniita jina langu. Hata mwezi uliopita kuna mmoja tuliyesoma wote kanitumia meseji, hajaandika hata habari za siku nyingi: "Mnyong'onyevu, upo?" Na kialama kakiweka.