Tulipoacha kuhesabu miche tuliyopanda

Mtu akisikia mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mikoko, swali lake huwa ni lile lile: "Mmepanda miche mingapi?" Miaka miwili ya kwanza nililijibu kifua mbele: elfu nane na kitu. Siku hizi namwambia aniulize ingapi iko hai. Wiki iliyopita walinijia vijana wa kijiji jirani, wameanzisha kikundi chao, na tayari wameshapewa ushauri ule ule ulioturudisha sisi nyuma: pandeni mingi, pigeni picha, wafadhili watakuja wenyewe. Nilikaa nao barazani mpaka adhana ya magharibi. Walipoondoka nikaona bora niyaandike.

Sisi tuko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye kijito cha bahari ambacho maji yakitoka unakivuka kwa miguu. Mambo ya kusajili kikundi, katiba na akaunti ya benki yana wenyewe ofisini, hayakutusumbua. Ila kibali cha msitu msikisahau. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Hata kama umezaliwa ukiiona mlangoni kwenu, hutii jembe bila ofisi ya misitu kujua.

Kosa letu kubwa lilikuja na lori. Shirika moja, sitalitaja, lilituletea fulana, maji ya chupa na maelfu ya miche ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu ya kaa. Wakatupeleka kwenye uwanda wa tope ulio wazi, mbele kabisa ya msitu, upande wa bahari kuu. Peupe, hapana mti hata mmoja. Wakasema hapa ndipo, kwa sababu pana nafasi. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, amevua hapo maisha yake yote. Alisimama na mshipi wake begani akaniambia, "Mwanangu, ingekuwa mti unakaa hapo, Mungu angeshauweka." Nikamjibu, "Ndiyo, ami," kisha nikaenda kupanga watu mistari. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa Mei, upepo wa kusi umeshakaza. Wiki ya kwanza mawimbi yaling'oa safu nzima za mbele. Iliyobaki ikavamiwa na vile vijidude vya magamba meupe, vinavyoganda kwenye ngalawa na nguzo za gati. Baada ya miezi mitatu nilivuta mche mmoja: shina lote lilikuwa limevimba magamba kutoka topeni mpaka kwenye majani mawili ya juu, zito mkononi kama tita la funguo. Mche mwembamba hauwezi kubeba mzigo ule huku unasukumwa na maji kutwa mara mbili. Mwaka ulipotimia tulihesabu na watoto wa madrasa. Tukapata arobaini na mmoja.

Watu wakavunjika moyo. Kutoka wanachama thelathini na wanne tukabaki kumi na mmoja, na mwenyekiti wa wakati ule akaniachia daftari na mhuri. Hapo nikapata ushauri mwingine, wa kila mjuaji: wape watu posho, watarudi. Tukajaribu. Tulitoa shilingi mia mbili kwa kila anayefika, pesa ya mfuko wetu tuliyochanga kwa kuuza mahamri. Miezi miwili walijaa, wa tatu mfuko ukakauka, na waliokuja wakanuna kuliko wale ambao hawakuja kabisa. Ukikosa pesa ya kudumu, usianze posho. Mtu anayejitolea ukimlipa kidogo kisha ukaacha, anahisi umemdhulumu, na ana haki yake.

Dawa niliipata kwenye lile daftari. Usiku mmoja niliketi na mahudhurio ya mwaka mzima, pembeni nimetundika kalenda ya Kiislamu ya msikitini. Mikutano yetu ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, kama tulivyofundishwa kwenye semina. Nikaanza kulinganisha. Kila Jumamosi iliyoangukia mwezi mwandamo au mwezi mpevu, walifika watu wanne, watano. Kila iliyoangukia katikati, walifika ishirini. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka mume wangu akaamka. Bamvua! Bamvua ndipo bahari inapotoka mbali, na kina mama wote wako mwambani wanachokoa pweza. Ndiyo siku yao ya kupata pesa ya wiki mbili. Tulikuwa tunawaita mkutanoni siku ambayo riziki yao iko nje, kisha tunawaandika watoro.

Tukahamisha kila kitu kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana wala haitoki mbali: tarehe nane na tisa za mwezi wa Kiislamu, kisha ishirini na tatu na ishirini na nne. Siku hizo mwamba hautoki vizuri, kina mama wako nyumbani, na sehemu ya juu ya msitu maji hayafiki, kwa hiyo mnafanya kazi kutwa miguu mikavu. Bila shilingi ya posho, watu wakarudi. Nawaomba viongozi wenzangu wa pwani waitupilie mbali kalenda ya semina.

Sasa makopo. Hii ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Baada ya kosa la kwanza niliapa hatutapanda tena kabla ya kujua maji yanafika wapi. Vyombo vya kupimia hatuna. Nikakusanya vikopo vitupu vya nyanya, mtaa mzima ukaniwekea, nikaomba fito nne. Kila ufito tulifunga vikopo saba, mdomo juu, kila kimoja shibiri moja juu ya mwenzake, kutoka topeni kwenda juu. Ufito wa kwanza tuliuchimbia kati ya mikandaa iliyonawiri, aina nyingine ya mikoko. Wa pili kwenye mkoko wa asili. Wa tatu kwenye ule uwanda uliotuaibisha. Wa nne kwenye kipande cha nyuma ambacho miti yake ilikufa yote tukiwa wadogo, ardhi kavu, chumvi imeganda juu kama sukari. Tukasubiri bamvua ipande, ikaanza kushuka, tukaingia. Kopo lenye maji ndilo alama ya mahali bahari ilipofika. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeonja kila moja, tujue ni ya bahari na si ya mvua.

Uwandani vyote saba vilijaa, na hata siku za maji mafu vilijaa vitano. Mkoko wa asili, vinne wakati wa bamvua. Kumbe tulikuwa tumeizamisha ile miche kama mtu anayemfundisha mtoto kuogelea kwenye kina. Hata ukingoni mwa msitu, upande wa bahari, ni pa mlilana, mkoko wa aina nyingine, ndio unaostahimili. Penye mikandaa vilijaa viwili. Lakini kile kipande kilichokufa, hatua arobaini tu kutoka kwenye mikandaa hiyo, ardhi sawa kwa macho, vikopo vyote vikavu. Hata tone.

Tukajua maji yamezuiwa. Tukafuata alama ya mkondo wa zamani tukifyeka majani makavu, mpaka panga likagonga jiwe. Chini yake palikuwa na tuta la mawe ya matumbawe na magogo ya mnazi, yameshikana na udongo. Ami ndiye aliyelikumbuka: lilijengwa kupitishia mikokoteni ya boriti zamani, kazi ikaisha, tuta likabaki. Ofisa wa misitu akaja, akaona, akaturuhusu. Tulilivunja kwa majembe, makarai na mtaimbo mmoja wa kuazima, maji mafu matano mfululizo. Gharama sikuiandika vizuri, kama elfu sita au saba hivi, nyingi ni uji na mihogo.

Usiku wa bamvua ya kwanza tulikwenda na taa, watu kumi na saba. Maji yalikuja kimya, ulimi mwembamba wenye povu na majani, ukapita kwenye pengo, ukatanda juu ya ile chumvi. Ukasikika mlio mdogo, ardhi inakunywa. Shangazi yangu alipiga kigelegele peke yake gizani, kisha wote.

Masika yaliyofuata mbegu za mchu, nao ni aina ya mkoko, zilielea zenyewe kupitia lile pengo, zikapasuka maganda na kusimama topeni kama maharage yaliyoota. Hatukuzipanda. Tulipanda mkandaa tu kwenye mapengo, chini ya mia tatu. Mbegu zake tulizilaza kivulini siku kadhaa kwanza ili kaa wasizitamani, na hilo pia ni la ami. Mwaka ulipotimia tulihesabu miche hai mia sita na kumi na mbili, ya bahari na yetu pamoja.

Wanachama wengine sasa wanataka pesa ya kaboni, ile inayolipwa kwa sababu miti inafyonza hewa ya ukaa. Tumewahi kwenda kijiji cha Gazi, si mbali na kwetu. Tukatembea juu ya daraja la mbao la kina mama, tukaona mikoko iliyopandwa miaka ya 1990 ilivyokuwa msitu kamili. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza hewa hiyo ya ukaa, na pesa imekwenda kwenye maji na shule. Lakini wenzetu wana hekta 117, na watafiti wa bahari walikuwa wakipima hapo miaka mingi kabla. Sisi hatufiki hekta mbili. Nimewaambia wazi: tusiahidiane pesa ambayo haiko. Kwa sasa tunauza miche ya kitalu na asali ya mizinga minne iliyoko kwenye michu, na kila shilingi inasomwa mkutanoni kwa sauti.

Kuna tuta jingine upande wa kaskazini, tumeshaliona. Tunaanza maji mafu yajayo, tarehe nane ya mwezi wa Kiislamu. Wale vijana wa kijiji jirani nimewaalika waje na majembe yao, na kabla ya hapo wamekubali kuniletea vikopo ishirini na nane.